Usharika na Shirika: Je, Kanisa Husahau Kusudi Lake?



Wewe unayejifunza Kiswahili umekwisha kuona jinsi mzizi mmoja wa neno unavyoweza kuzaa ukoo mzima. Chukua kitenzi shiriki. Katika ukoo wake limo neno ushirika, yaani hali ya watu kuwa na jambo kwa pamoja. Limo shirika, yaani chombo chenye ofisi, hesabu na wafanyakazi. Na limo usharika, neno walilolizoea Walutheri wa Afrika Mashariki kwa maana ya jumuiya ya waumini wa mahali pamoja, ambamo kila muumini huitwa msharika. Maneno haya ni ndugu. Lakini hata ndugu wa tumbo moja huweza kugombea urithi.

Swali ninalokuletea leo limo ndani ya ukoo huo. Usharika unapojijengea shirika, je, shirika hilo huendelea kuutumikia usharika, au siku moja huketi mahali pake? Walutheri hawako peke yao katika swali hili. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, chama cha wafanyakazi, shule, hata chama cha siasa kilichopigania uhuru, vyote huanza kwa kusudi na baadaye hupata majengo. Nimelichagua kanisa la Kilutheri kwa sababu historia yake imeandikwa kwa makini, na kwa sababu katika nchi jirani ya Ethiopia swali hili liliwahi kuulizwa waziwazi, kwa waraka wa mwaka 1972, na baadaye likajibiwa kwa maisha ya mtu. Huhitaji kuwa Mkristo ili ufaidike na historia hiyo. Inatosha kuwa raia anayependa kujua kwa nini vyombo vyetu hubadilika vikiwa mikononi mwetu.

Sanduku lenye kufuli nne

Kabla ya kufika Ethiopia, yatupasa kujua kusudi la mwanzo lilikuwa lipi. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther, mtawa na mwalimu wa chuo kikuu cha Wittenberg, alitoa hoja zake 95 kupinga biashara ya hati za msamaha. Sehemu ya mapato ya hati hizo ilikwenda Roma kujenga kanisa kuu la Mtakatifu Petro. Kwa hiyo Ulutheri ulizaliwa katika malalamiko juu ya taasisi iliyosahau kusudi lake. Mkulima wa Ujerumani alinunua karatasi, jengo la mbali likapanda juu, na mkulima yule akarudi nyumbani akidhani amani ya roho yake imekwisha kulipiwa.

Mwaka 1530 wafuasi wa mafundisho hayo waliandika Ungamo la Augsburg. Katika kifungu cha 7 wanalieleza kanisa kwa maneno machache sana: ni mkusanyiko wa waumini ambamo Injili hufundishwa kwa usafi na sakramenti hutolewa ipasavyo. Humo hamna ofisi, wala bajeti, wala idara. Hicho ndicho kipimo walichojiwekea Walutheri wenyewe, nasi tuna haki ya kuwapima kwacho.

Hata hivyo usidhani kwamba walidharau utaratibu. Mwaka 1523 wakazi wa Leisnig, mji mdogo wa Saxony, walianzisha sanduku la pamoja la fedha, na Luther akaandika dibaji ya kanuni zake. Sanduku hilo liliwekewa kufuli nne, na funguo zake zikagawanywa kwa makundi manne: makabaila, baraza la mji, raia wa mji na wakulima wa vijiji vya jirani. Hakuna kundi lililoweza kulifungua peke yake. Kutoka katika sanduku hilo mchungaji alipaswa kulipwa, mwalimu wa shule kulipwa, maskini, yatima na wazee kusaidiwa, na majengo kukarabatiwa. Kumbuka kwamba sanduku lilikuwa moja. Hakuna aliyezitenga fedha za roho na fedha za mwili.

Kumbuka pia kwamba mpango huo ulikwama mapema. Baraza la mji lilisita kukabidhi mali za kanisa kwa wasimamizi wa sanduku, hata Luther mwenyewe akalazimika kupeleka malalamiko kwa mtawala. Basi mtu akikuambia kwamba hapo zamani kila kitu kilikuwa safi na uozo ulikuja baadaye, mtajie Leisnig. Mvutano kati ya kusudi na wenye kushika funguo ni mkongwe kama Ulutheri wenyewe.

Kitabu kilichotangulia ofisi

Kutoka Ujerumani mafundisho ya Luther yalienea hadi Skandinavia, na kutoka Sweden yakafika pwani ya Bahari ya Shamu. Mwaka 1866 wamisionari wa Misheni ya Kiinjili ya Sweden waliwasili Massawa, bandari ambayo leo iko Eritrea. Shabaha yao ilikuwa kuwafikia Waoromo wa bara, lakini kwa miaka mingi njia ilikuwa imefungwa kwao. Walioifungua ni Waafrika, na baadhi yao walikuwa wamepitia utumwani.

Mmoja wao alizaliwa yapata mwaka 1856, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa mara kadhaa, na hatimaye akapata uhuru wake Massawa. Alipobatizwa mwaka 1872 alichukua jina la Onesimos, jina la mtumwa anayetajwa katika waraka wa Mtume Paulo kwa Filemoni. Onesimos Nesib alikwenda kusoma Sweden, akarudi, akaanza kazi kubwa ya kuitafsiri Biblia kwa Kioromo. Kwa kuwa alitengwa na kwao akiwa mdogo, lugha yake ya kuzaliwa haikumtosha kwa kazi hiyo. Alisaidiwa na Aster Ganno, binti aliyeokolewa utumwani kama yeye, ambaye alikuwa na hazina ya maneno, methali na hadithi za Waoromo. Agano Jipya lilichapishwa mwaka 1893, na Biblia nzima mwaka 1899. Mwaka 1904 Onesimos alifika Nekemte, katika nchi ya Wollega, magharibi mwa Ethiopia, na huko akafundisha hadi alipofariki mwaka 1931.

Tazama mpangilio wa mambo. Walitangulia watu, ikafuata lugha, kisha kitabu na shule. Ofisi ilichelewa sana. Hata wakati Italia ilipoivamia na kuikalia Ethiopia, kuanzia mwaka 1936 hadi 1941, na wamisionari wengi wa kigeni wakafukuzwa, sharika ziliendelea mikononi mwa wenyeji, nazo zikakua. Baada ya hayo yote, tarehe 21 Januari 1959, ndipo lilipoundwa kanisa la kitaifa kwa jina la Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus, likiwa na washarika wapatao 20,000. Mekane Yesus maana yake ni mahali pa Yesu.

Mahali hapo sasa palihitaji makao makuu, katibu mkuu, mhasibu na barua zenye nembo. Shirika lilikuwa limezaliwa. Sidhani kwamba kuzaliwa kwake lilikuwa kosa, maana watu 20,000 waliotawanyika katika nchi pana hawawezi kuongozwa kwa salamu za njiani. Lakini kuanzia siku hiyo palikuwa na nyumba mbili, ya usharika na ya shirika, na mlango kati yake ulihitaji mlinzi.

Waraka wa mwaka 1972

Mlinzi huyo alikuwa Gudina Tumsa. Alizaliwa Boji, Wollega, mwaka 1929. Katika ujana wake alikuwa dresa, yaani msaidizi wa madaktari, katika hospitali ya Nekemte iliyohudumiwa na wamisionari wa Sweden. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1958, akasoma theolojia nchini Marekani katika jimbo la Minnesota, na mwaka 1966 akawa Katibu Mkuu wa Mekane Yesus. Liweke hilo la hospitali akilini, kwa sababu mtu huyu hakuwa adui wa hospitali. Alizijua huduma za kijamii za kanisa kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kuzijua kwa ripoti.

Alipoingia ofisini alikuta neema yenye mtego ndani yake. Kwa upande mmoja kanisa lilikuwa likikua kwa kasi, na jumuiya mpya ziliomba wainjilisti na wachungaji kuliko kanisa lilivyoweza kuwapata au kuwalipa. Kwa upande mwingine fedha za misaada kutoka Ulaya zilikuwa zikiongezeka, hasa kutoka Ujerumani Magharibi, ambako mashirika ya makanisa yaligawa pia fedha zilizotoka serikalini. Fedha hizo zilikuja na masharti. Zingeweza kujenga shule, zahanati na miradi ya kilimo. Hazikuruhusiwa kumfundisha mchungaji, kumtegemeza mwinjilisti wala kuezeka kanisa.

Tuwatendee haki wafadhili. Kodi hukusanywa kwa raia wote, wenye dini na wasio na dini, na si vibaya kwa serikali kukataa kodi hiyo itumike kueneza imani ya baadhi yao. Zaidi ya hayo, makanisa mengi ya Ulaya yaliona haya kwa jinsi misheni za zamani zilivyohubiri mbingu na kunyamazia njaa na ukoloni. Walitaka sasa kutenda haki ya dunia hii. Nia ilikuwa njema.

Lakini nia njema iliyopangwa mezani Ulaya ilifika Wollega ikiwa kisu. Ililikata kanisa vipande viwili, kimoja cha kufadhiliwa na kimoja cha kusubiri. Mkutano Mkuu wa Mekane Yesus wa mwaka 1971 uliomba Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lenye makao yake Geneva, liwafikishie wafadhili ombi la kuvitazama upya vigezo vyao. Tarehe 9 Mei 1972 viongozi wa kanisa wakatuma waraka wa kulieleza jambo hilo kwa kina, na Gudina akiwa Katibu Mkuu ndiye aliyekuwa sauti yake kuu. Kichwa chake kilihusu uhusiano kati ya kuihubiri Injili na maendeleo ya binadamu.

Hoja yake nitakueleza kwa maneno yangu. Waraka ulisema kwamba vigezo vya misaada vimewekwa na wenye kutoa, kwa kufuata fikra za jamii zao, bila kuwauliza wenye kupokea wanahitaji nini. Ulisema kwamba kumgawa mwanadamu kuwa mwili upande huu na roho upande ule ni desturi ya Magharibi, nayo ni ngeni kwa Mwafrika na kwa Biblia pia. Ulisema kwamba maendeleo ambayo hayamjali mtu wa ndani huweza kumpa barabara na kumwacha mtumwa wa woga, uchoyo na rushwa. Haukuomba shule zifungwe ili makanisa yajengwe. Uliomba mtu ahudumiwe akiwa mmoja, kama alivyo.

Hapa, mwanafunzi wangu, lugha yetu inatutaka tuwe waangalifu. Huwezi kuyatafsiri mawazo hayo kwa kusema mtu mzima, kwa sababu mtu mzima kwa Kiswahili ni yule aliyekwisha kukua. Sema mtu kamili. Katika neno hilo fupi imo hoja yote ya waraka: aliye kamili hapungukiwi na kitu, na ukimhudumia nusu umemwona nusu.

Naomba utulie kidogo juu ya ajabu ya tukio hili. Tumezoea kusikia kwamba taasisi hupotea kwa sababu ya tamaa, kwamba viongozi hupenda magari na viti vya mbele. Hayo yapo. Lakini kanisa la Gudina lilikuwa hatarini kwa sababu ya kutenda mema ambayo mtu mwingine alikuwa ameyachagua. Hakuna aliyeiba. Vitabu vya hesabu vingeweza kuwa safi kabisa, kila zahanati ikifunguliwa kwa wakati wake, na bado kanisa likajikuta limekuwa idara ya maendeleo yenye msalaba juu ya paa. Kusudi halikunyang'anywa na adui. Lilikuwa likisogezwa kidogo kidogo na rafiki.

Nairobi, na neno kujitegemea

Waraka ulisomwa na watu wengi kuliko ilivyotarajiwa. Uliamsha mjadala katika makanisa ya Kilutheri ya mabara mbalimbali, na mwezi Oktoba 1974 Fungamano liliitisha mkutano wa mashauriano mjini Nairobi juu ya mada hiyo hiyo. Hilo nalo liandikwe upande wa mizani unaostahili. Shirika la kimataifa lenye ofisi nyingi lilipokea lawama kutoka kwa kanisa lililopokea fedha zake, nalo likaita watu mezani badala ya kukata msaada. Taasisi inayoweza kusikia bado haijapotea.

Katika miaka hiyo hiyo Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, nchini Kenya, alitoa wito mkali zaidi. Mwaka 1971 alipendekeza kwamba wamisionari na fedha za kigeni visimame kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajitambue. Tanzania ilikuwa imekwisha kulipa neno kujitegemea uzito wa kisiasa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1975 Gudina naye alimwandikia rais wa kanisa lake, Emmanuel Abraham, hoja ndefu juu ya kanisa kujitegemea. Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hili: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na umaskini wa kwanza unaompata mtegemezi ni umaskini wa uamuzi. Fedha huja baadaye.

Siku majengo yalipochukuliwa

Wakati watu wakijadiliana Nairobi, Ethiopia ilikuwa imekwisha kugeuka. Mwezi Septemba 1974 Mfalme Haile Selassie aliondolewa madarakani, na baraza la kijeshi lililojulikana kwa jina la Derg likashika nchi. Mwezi Machi 1975 ardhi ya vijijini ilitaifishwa. Wakristo wengi wa Wollega, waliowajua makabaila kwa uchungu, waliona katika sheria hiyo haki waliyoisubiri kwa muda mrefu. Lakini baadaye mapinduzi yalidai utii wa kila kitu, hata wa dhamiri.

Tarehe 12 Machi 1977 serikali iliiteka Redio Sauti ya Injili ya Addis Ababa. Kituo hicho cha Fungamano kilikuwa kimeanza kutangaza mwaka 1963, kikisikika katika lugha nyingi za Afrika na Asia, Kiswahili kikiwamo. Mitambo, studio na wasikilizaji wake vilikuwa fahari ya Walutheri duniani, na vyote vilitoweka kwa siku moja. Katika miaka iliyofuata makanisa mengi ya Wollega yalifungwa, wainjilisti wakafungwa gerezani, na makao makuu ya Mekane Yesus yenyewe yakachukuliwa.

Gudina alikamatwa mwezi Oktoba 1978, akaachiwa. Akakamatwa tena mwaka uliofuata, akaachiwa tena. Inasimuliwa katika historia ya kanisa lake kwamba palikuwa na mpango wa kumtoa nchini, na kwamba Mwalimu Julius Nyerere alikuwa tayari kusaidia. Gudina alikataa kuwaacha washarika wake wakati wa majaribu. Jioni ya tarehe 28 Julai 1979, alipotoka katika ibada kwenye kanisa la Mekane Yesus la Urael, Addis Ababa, alitekwa na watu wa serikali na kuuawa usiku uleule. Mkewe, Tsehay Tolessa, alikamatwa mwaka uliofuata na kukaa gerezani karibu miaka 10. Familia haikujua alikozikwa hadi Derg ilipoanguka mwaka 1991. Mwaka 1992 mabaki yake yalipatikana, akazikwa kwa heshima.

Sasa rudi kwenye swali letu. Kama kanisa hilo lingekuwa shirika tu, lingekufa mwaka 1977, au siku makao makuu yalipopotea, kwa kuwa shirika lisilo na jengo, redio wala katibu mkuu limebaki nini? Lakini halikufa. Waumini walikutana majumbani, walipoweza na jinsi walivyoweza, kama babu zao walivyofanya wakati wa Waitalia. Kanisa lililoanza na washarika 20,000 mwaka 1959 leo linahesabu zaidi ya 10,000,000, nalo limekuwa mojawapo ya makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani. Ule upande ambao wafadhili hawakutaka kuugharimia, yaani wainjilisti, mafundisho na jumuiya za vijijini, ndio uliosimama wakati uliofadhiliwa ulipotwaliwa.

Usiifunge hesabu mapema

Ningeweza kuishia hapo, nawe ungeondoka na hadithi ya mashujaa. Lakini historia haiishi siku ya ushindi. Katika miaka ya 1990, uhuru uliporudi na majengo yakarudi, mgogoro ulizuka katika sharika za Addis Ababa juu ya lugha ya ibada, Kioromo kikiwa kiini chake. Kanisa lililoanza kwa Onesimos na Aster kuitafuta lugha ya mama neno baada ya neno lilishindwa kwa miaka mingi kukubaliana ni lugha ipi isikike katika ibada za mji mkuu. Watu waliovumilia Derg pamoja walitengana, na upatanisho ulichukua miaka mingi.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni ndiyo, taasisi za Kilutheri huweza kusahau kusudi lao, na zimelisahau mara nyingi, tangu Leisnig. Lakini sikubaliani na wale wasemao kwamba kosa ni kuwa na taasisi. Aliyetibiwa Nekemte alitibiwa na taasisi. Mtoto aliyejifunza kusoma Kioromo alijifunza kutoka katika kitabu kilichopigwa chapa na taasisi. Gudina mwenyewe alikuwa mtoto wa taasisi hizo, na waraka wake ulitumwa kwa njia ya taasisi, ukajadiliwa katika mkutano wa taasisi.

Kosa huanza pale kusudi moja linaporuhusiwa kukatwa vipande, kisha kipande chenye fedha kikaitwa kazi na kisicho na fedha kikaitwa matumaini. Linaendelea pale funguo za sanduku zinapokuwa mkononi mwa mmoja, awe mfadhili wa mbali, awe mkubwa wa karibu. Na linakomaa pale wanaohudumiwa wanapokoma kuulizwa. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Onesimos, aliyeujua utumwa kwa jina na kwa mwili, alirudi kwenye asili kwa kuitafuta lugha ya mama yake. Kila kizazi cha chama, shule au kanisa kina safari yake ya namna hiyo, na hakuna kizazi kinachoweza kuifanya kwa niaba ya kijacho.

Kabla hujafunga ukurasa huu, chukua chombo kimoja unachokijua vizuri, kiwe usharika, msikiti, chama cha wanafunzi au kikundi cha kuweka na kukopa, ukijibu maswali haya kwa Kiswahili katika daftari lako:

1. Kusudi la kwanza la chombo hicho lilikuwa lipi, na ni nani anayelikumbuka?
2. Funguo za sanduku lake ziko mikononi mwa nani, na ni wangapi?
3. Ni kazi ipi inayoripotiwa kila mwaka, na ni ipi inayofanyika bila kuhesabiwa?
4. Kama majengo yake yangechukuliwa kesho, ni nini kingebaki?

Swali la nne ndilo gumu kuliko yote. Walutheri wa Wollega hawakulijibu kwa insha. Wewe jaribu kulijibu kwa aya moja, kwa sentensi kamili.